Kiganja na Msumari wa Inchi Sita

Popote chuma kinapokunjwa pana imani kwamba kazi hiyo ina wenyewe, na wenyewe hutambuliwa kwa viganja vyao. Katika kaunti ya Machakos, ambako ghorofa zinaota kuanzia Syokimau na Mlolongo hadi Machakos mjini, Tala na Matuu, imani hiyo si porojo za wakati wa chai, kwa maana inaweza kuamua nani apewe kibarua gani. Mwenye kiganja kipana anaonekana kama aliumbiwa vyuma. Mwenye vidole vyembamba, na mwanamke zaidi, anaonekana wa kubeba maji na kokoto. Wanaoamini hivyo wana ushahidi wao, nao hauna budi kuheshimiwa: anayechukua msumari wa inchi sita akaukunja kwa mikono mitupu mbele ya wenzake kwa kawaida ni mtu mwenye mikono ya kutisha. Swali ni kama ukubwa wa kiganja ndio ulioukunja. Jibu nitakalolitetea ni kwamba kiganja kikubwa kina faida ya kweli, ila faida hiyo inaishi katika upenyo mdogo sana wa urefu wa chuma. Chuma kikiwa kifupi kuliko hapo, urefu wake wenyewe ndio unaoamua; kikiwa kirefu kuliko hapo, anaamua yule anayejua kuweka egemeo.

Tuanze na chuma, kwa sababu ndicho chenye neno la mwisho. Msumari wa inchi sita una urefu wa milimita 150 na unene wa milimita 6 hivi. Umetengenezwa kwa waya uliovutwa ukiwa baridi kupitia tundu dogo kuliko unene wake, na kule kuvutwa huukaza. Ndiyo maana msumari ni mbishi kuliko waya wa kufungia vyuma, ambao huchomwa moto ukalegezwa baada ya kuvutwa. Tukikadiria kwamba chuma cha msumari hukubali kushindwa kwenye mkazo wa megapaskali 400, hesabu ya wahandisi inadai momenti ya nyutoni-mita 14 na kidogo ili upinde usirudi. Ni kama kuubana msumari ncha moja kwenye jiliwa, kisha kuning'iniza karibu kilo 15 sentimita 10 kutoka hapo. La kushika zaidi ni kwamba momenti hiyo hukua kwa kipeo cha tatu cha unene. Chuma cha Y8, chenye milimita 8 na uimara wa megapaskali 500, kinadai nyutoni-mita 43 hivi, mara tatu ya msumari, ingawa ukivilaza sambamba jicho linaona tofauti ndogo tu. Y12 inadai 144. Ukigeuza hesabu hiyohiyo utaona jambo la kuwapunguzia majivuno wenye mikono mikubwa: mtu anayemzidi mwenzake uwezo kwa asilimia 20 atamzidi unene wa chuma anachoweza kukunja kwa asilimia 6 tu. Mwenzake akiweza milimita 6, yeye ataweza 6.4. Tofauti ya viganja inayotisha wakati wa kusalimiana inamezwa na unene wa karatasi nne.

Kuna pia siri nyingine ndani ya chuma ambayo kila anayenyosha misumari iliyong'olewa kwenye mbao za zege anaijua kwa nyundo, hata kama hajawahi kuiandika. Msumari uliopinda mara moja ukanyoshwa haupindi tena pale pale. Unapinda pembeni kidogo, kwa kuwa pale pa kwanza chuma kimejikaza. Kwa hiyo misumari miwili inayotoka katika kopo moja, mmoja mpya na mwingine wa kunyoshwa, si kipimo kimoja. Mashindano mengi ya barazani ya kukunja misumari yamekwisha kuamuliwa na kopo kabla mtu hajaonyesha kiganja.

Sasa tutazame mikono. Anayekunja msumari kwa ustadi huufunga kwanza kwa kitambaa kizito au kipande cha ngozi, akauinua chini ya kidevu, viwiko nje, vifundo vya vidole vikielekea juu. Vidole gumba vinakutana katikati ya msumari na kuusukuma juu. Vitako vya viganja, upande wa kidole cha mwisho, vinakandamiza ncha mbili chini. Mtazamaji hudhani nguvu inatokana na umbali kati ya mkono wa kulia na wa kushoto, kama watu wawili waliokamata ncha mbili za mti. Si hivyo. Hakuna goti wala jiwe linalozuia chuma katikati, kwa hiyo kila mkono unapaswa kujitosheleza: unasukuma juu kwa kidole gumba na unakandamiza chini kwa kitako, na umbali kati ya miguso hiyo miwili ndio wenzo wake wote. Mkono wa pili upo ili kuupinga wa kwanza kwa momenti ileile iliyogeuzwa. Hata chuma kikiwa na urefu wa mita nzima, mtu akikishika hewani bila kukiegemeza popote, kilichobaki nje ya viganja vyake hakimsaidii chochote. Wenzo wake hauzidi upana wa kiganja.

Hapo ndipo ukubwa unapopata heshima yake, na hapo hapo ndipo mpaka wake unapoonekana. Vipimo vya wanajeshi wa Marekani vilivyochukuliwa mwaka 1988, ambavyo wabunifu wa vifaa wamevitumia kwa miaka mingi, vinatoa wastani wa upana wa kiganja kuwa milimita 90 kwa wanaume na 79 kwa wanawake. Tuchukue viganja hivyo viwili na tupunguze milimita 25 kwa ajili ya unene wa miguso yenyewe, maana kidole gumba na kitako cha kiganja havisukumi kwa nukta bali kwa eneo. Kiganja kipana kinabaki na wenzo wa milimita 65, chembamba 54. Hiyo ni tofauti ya asilimia 20, na itadumu mradi chuma kina nafasi ya kutosha viganja vyote viwili, yaani milimita 180 kwa mtu wa kwanza na 158 kwa wa pili. Msumari wa inchi sita una milimita 150. Viganja vyote vinne vya mfano wetu vinaning'inia nje ya ncha zake! Nusu ya msumari ni milimita 75, ukitoa 25 unabaki na 50, na hiyo 50 ni ya wote wawili sawasawa. Kila mguso unapaswa kubeba kilo 29 hivi, awe nani. Upana uliozidi unashika hewa.

Tukiendelea kukata chuma, meza inapinduka. Kipande cha inchi tano chenye unene uleule kina nusu ya milimita 62 na kidogo. Mwenye vidole vinene hawezi kuikusanya miguso yake katika eneo dogo kama mwenye vidole vyembamba. Kidole gumba chake kinachukua nafasi, kitako cha kiganja nacho kinachukua nafasi, na wenzo unaobaki kati yao unapungua upesi. Kwa makadirio, akipoteza milimita 4 tu zaidi ya mwenzake kwa sababu ya unene wa vidole, wenzo wake unakuwa 33.5 dhidi ya 37.5, na mdogo amemzidi kwa asilimia 12. Si faida ya kumgeuza dhaifu kuwa shujaa, lakini inatosha kuonyesha kwamba kauli ya jumla ya kwamba mkono mkubwa hukunja vizuri zaidi haina miguu. Inategemea inchi ngapi. Katika michezo ya nguvu za mikono, ambako watu wanakunja vipande vilivyopimwa, wanajua vizuri kwamba kufupisha chuma kwa inchi moja ni adhabu kubwa kuliko inavyoonekana. Kipimo maarufu zaidi katika mchezo huo, msumari mwekundu wa IronMind ya Marekani, kina urefu wa inchi saba, yaani milimita 178, na unene wa karibu milimita 8. Urefu huo unakaa karibu kabisa na mpaka niliouchora: viganja viwili vipana vinaujaza pomoni. Unene wake, karibu sawa na Y8, ndio unaowafukuza wengi.

Atakuja msomaji aseme kwamba hesabu hizi zinawafanya watu wawili kuwa na nguvu sawa, wakati ukweli ni kwamba mwenye mkono mkubwa huwa pia na nguvu nyingi. Pingamizi hilo lina uzito. Tafiti nyingi za nguvu za kukaba zinaonyesha kwamba urefu na upana wa kiganja huenda pamoja na nguvu hiyo, hasa kwa kuwa vyote viwili huenda pamoja na ukubwa wa mwili. Lakini nguvu ya kukaba ndiyo inayopimwa kwa kifaa cha kubana, na kukunja msumari si kubana. Msumari ukishafungwa kitambaa hauponyoki kirahisi. Kinachoshindwa kwanza ni kifundo cha mkono, kinacholazimishwa kupinda upande usioutaka, na baada ya pembe ya kwanza kupatikana kazi inahamia kifuani na mabegani, mtu anapozisukuma ncha mbili zikutane. Misuli ya kifundo iko kwenye kigasha, ya kifua iko kifuani. Kiganja ni njia ya kupitishia. Anayemchagua mkunja chuma kwa kumtazama kiganja anatazama mlango ili akisie ukubwa wa ghala.

Historia ya maonyesho ya nguvu inaunga mkono hoja hii, ingawa inafaa kuitumia kwa tahadhari. Alexander Zass, aliyezaliwa mwaka 1888 katika Milki ya Urusi na kufariki Uingereza mwaka 1962, alijipatia jina la Samsoni kwa kukunja vyuma na kukata minyororo sarakasini, naye hakuwa mtu mkubwa hata kidogo. Alifundisha kwamba nguvu zake zilitokana na kuvutana kwa miaka mingi na minyororo isiyokubali kusogea. Joe Greenstein, aliyeitwa Atomu Kuu huko Marekani na kufariki mwaka 1977, alikuwa na urefu wa sentimita 163 hivi. Alikunja misumari na viatu vya farasi akiwa mtu wa kupotea katikati ya umati. Mwenye pingamizi atajibu kwamba hao ni wachache waliochaguliwa na umaarufu wao wenyewe, na kwamba watazamaji walilipa kiingilio hasa kwa sababu walikuwa wadogo. Nakubali. Watu wawili hawathibitishi kanuni. Wanachofanya ni kuibomoa kanuni ya upande wa pili, ile inayosema kiganja kikubwa ni sharti. Sharti likivunjwa mara moja si sharti tena.

Pingamizi zito kuliko hilo, kwa maoni yangu, linahusu maumivu. Kilo 29 zikiegemea msumari mtupu zinatua kwenye mstari wa ngozi wenye upana wa milimita 6, na mwili unaacha kusukuma kabla misuli haijachoka. Kiganja kinene chenye nyama na sugu huvumilia zaidi, na huenda hapa ndipo chimbuko la imani yote. Mtu wa jembe na wa sururu anafaulu pale karani anaposhindwa, na watu wanaona ukubwa wa mkono wake wakasahau ngozi yake. Lakini dawa ya hilo ni kitambaa. Ukiuzungushia msumari gunia au jinzi kuukuu hadi unene wake ukafika milimita 20, eneo linalopokea mzigo linaongezeka mara tatu na zaidi, na karani anagundua kwamba misuli yake haikuwa imeulizwa bado.

Wakamba wana historia ndefu ya kukunja chuma, na historia hiyo haiwapi ngumi kubwa nafasi ya mbele. Wahunzi wao walisifika kwa minyororo myembamba ya mapambo, na Gerhard Lindblom, Mswidi aliyechapisha kitabu chake The Akamba huko Uppsala mwaka 1920, ni mmoja wa wageni walioandika kuhusu ufundi huo. Waya wa milimita 1, kwa kanuni ileile ya kipeo cha tatu, unadai momenti ndogo kuliko ya msumari wa inchi sita zaidi ya mara mia mbili. Mtoto anaweza kuukunja. Ugumu wa mnyororo uko katika kuzifanya pete zote zilingane, na hapo kidole chembamba kinaona zaidi. Kwa chuma kinene mhunzi hakushindana, alikitia motoni. Chuma chekundu hupoteza sehemu kubwa ya ubishi wake, na koleo humpa fundi wenzo ambao kiganja hakina. Jambo la kukunja chuma baridi kwa mikono mitupu ni mchezo wa watu wenye chuma kingi cha kuchezea.

Kazi yenyewe ya leo, ile inayolisha watu, ni ringi. Ringi ni fremu ndogo za mstatili, kwa kawaida za Y8, zinazofungwa kuzunguka vyuma virefu vya nguzo na mihimili ili vyuma hivyo visifumuke mzigo unapozidi. Fundi anakata vipande kwa kipimo kimoja, anavitia alama za chaki, na kuvikunja kwenye ubao mzito uliopigiliwa vigingi vya chuma. Kona za kwanza hazina taabu, kwa kuwa upande mmoja wa kipande bado ni mrefu. Taabu iko mwishoni. Mkia wa ringi, ile ncha ya sentimita chache inayopaswa kukunjwa ndani kwa digrii 135 ili ishike kiini cha zege, ni chuma kifupi kweli kweli. Hakuna kiganja, kikubwa au kidogo, kinachoweza kuushika mkia huo na kutoa nyutoni-mita 43. Kwa sentimita 8 za chuma, tena ukisukuma kwa kidole au kitako cha mkono karibu na ncha, ungehitaji zaidi ya kilo 60 kwenye eneo la ukubwa wa sarafu. Ndiyo maana mkia ukiachwa kwa nguvu za mikono unaishia digrii 90, zege linamwagwa juu yake, na hakuna anayejua tena.

Fundi mwenye akili anavalisha mkia bomba. Bomba la sentimita 60, likisukumwa sentimita 50 kutoka kwenye kigingi, linazifanya zile nyutoni-mita 43 kuwa kilo 9. Kilo 9 ni chini ya nusu ya mtungi wa maji wa lita 20. Tofauti ya asilimia 20 kati ya viganja viwili, iliyotuchukua kurasa kadhaa kuitafuta, imegeuka kuwa kuongeza sentimita 10 za bomba. Kwa hiyo pale mwanamke anapoambiwa kwamba vyuma si kazi ya mikono yake, anayemwambia hivyo ama hana bomba ama analo na hajui linavyofanya kazi. Majaribio ya ufundi ya NITA, mamlaka ya taifa ya mafunzo ya viwandani, ambayo huanzia daraja la III, yanampima mtu kwa kazi aliyoifanya, na kazi iliyokunjwa kwa bomba haina alama ya upana wa kiganja.

Mtu anaweza kupinga kwamba wenzo unaondoa tu tatizo la nguvu, halafu ukubwa wa kiganja unarudi kwa mlango mwingine, kwenye kushika bomba lenyewe. Ni kweli unarudi, na hapa nitaupa haki yake yote, kwa kuwa hapa unagusa afya ya mtu anayekunja ringi mamia kwa siku. Mpini una unene unaoufaa mkono: ukiwa mwembamba mno vidole vinajikunja hadi kucha zikutane na kiganja na nguvu inapotea, ukiwa mnene mno vidole havifungi. Kwa watu wengi unene mzuri wa mpini wa duara uko karibu na milimita 30 hadi 40, mikono midogo ikipenda upande wa chini. Bomba la maji la inchi moja lina kipenyo cha nje cha milimita 33.7, na lingewafaa karibu wote. Bahati mbaya tundu lake ni pana mno kwa Y8: chuma kinacheza ndani, kona inakuwa ya mviringo badala ya kukaza, na ringi haikumbatii chuma cha kona. Bomba la nusu inchi linaikamata Y8 vizuri na kutoa kona safi, lakini kwa nje lina milimita 21.3 tu, na baada ya saa kadhaa linakata viganja, vipana na vyembamba. Tyubu kuukuu ya baiskeli ikizungushwa mahali pa kushika hadi unene ufike milimita 32 au 33 inamaliza ugomvi huo. Na mwenye kiganja kidogo anaacha duru moja ya mpira.